Tumekula Machi

Chini ya kitanda chetu, Yombo Vituka,
hapakuwahi kukaa viatu.
Palikaa madumu ya mafuta ya kupikia, ya lita tano,
yaliyooshwa kwa maji ya moto na limau,
yakaanikwa midomo chini juu ya ukuta wa jirani,
kisha yakashindiliwa maharage, choroko, mchele,
na kila dumu likaandikwa mwezi wake
kwa kalamu ya wino mzito.

Havintishi ndiye aliyeyapanga.
Kila nikipokea mshahara alitoka na elfu kumi yake
hadi Tandika, akarudi na kilo mbili, tatu,
ambazo hatukuzila.
Nilicheka. Nilimwita Bohari.
Niliwaambia wenzangu godauni, Barabara ya Pugu,
kwamba nalala juu ya ghala la taifa
na mlinzi wa zamu ya usiku ni mke wangu.

Akiba haiozi, walisema wahenga.
Wahenga hawakupanga chumba Dar es Salaam.
Hapa chumvi hutoa machozi ndani ya kopo,
kiberiti hugoma kuwaka masika nzima,
na gunia letu la kwanza, mahindi ya Songea,
tulilisikia kabla hatujaliona:
usiku, taa imezimwa, kitu kinasaga, kinasaga,
kama mgeni anayetafuna kwa adabu.
Asubuhi, unga mwembamba sakafuni
na dumuzi wanatembea juu ya mto wangu.

Nilidhani atakoma.
Aliketi uani na ungo, akapepeta hadi adhuhuri,
yaliyotoboka akawamwagia kuku wa mama Chausiku.
Akaanza upya.
Majivu ya mkaa, yaliyochekechwa.
Majani ya mwarobaini, yaliyokaushwa kivulini,
si juani, alinikazia, si juani.
Nta ya mshumaa kuzunguka kila kifuniko.
"Asiye na pumzi hatafuni," alisema.

Kisha godauni likafungwa.
Hayakuwa mafuriko, haikuwa vita,
hakuna kitu kikubwa cha kumsimulia mtu.
Kufuli jipya getini, na mlinzi nisiyemjua
akituambia "rudini kesho"
siku nne mfululizo.

Siku ya tano sikutoka. Nilikaa kitandani,
na chini yangu nikasikia
dumu likivutwa juu ya saruji.

Tulianza na Machi, maana ndiyo iliyotangulia kuingia.
Machi, mwezi niliomwita Bohari mbele ya wageni.
Yale maharage yalichelewa kuiva, yakamaliza mkaa,
nikayatafuna kimya.
Aprili ilikuwa choroko.
Mei, mchele wenye kijiharufu cha alizeti,
na watoto wakauliza kama leo ni sikukuu.
Tulikuwa tunaila miezi iliyopita, mmoja baada ya mwingine,
na ile iliyo mbele haikuwa na dumu.

Juni hatukuila sisi.
Mama Chausiku alipiga hodi magharibi,
bakuli kalificha ndani ya khanga,
akazungumza habari za maji ya bomba, za umeme,
za kila kitu isipokuwa bakuli.
Havintishi hakupima. Alimpa dumu zima.
Nikahesabu kwa macho yaliyobaki.
Akaniona nikihesabu.
"Kuku wake walinilia dumuzi," alisema,
akaenda kufunga mlango.

Sasa nabeba simenti Buza, kibarua cha siku kwa siku.
Jana nimeosha dumu mwenyewe,
maji ya moto, limau, midomo chini.
Leo nimeomba kalamu.
Mkono wangu haujazoea plastiki, herufi zinateleza,
Oktoba imepinda kama iliyoandikwa na mtoto.
Choroko, nusu kilo.
Nikaimimina taratibu, na mle ndani
ikalia kama mvua inapoanza
kuyajaribu mabati.